Tulianza na kioo cha mita 3, tukaishia kugombania kilobaiti 8: kisa cha mpango wa satelaiti uliopikwa Moshi

Naandika hiki kisa kwa sababu watu kama watatu hivi wenye vikundi vya sayansi wameniuliza tulifanyaje, na kila nikiwasimulia kwa simu nasahau nusu. Majina ya watu nimetoa, mtaa nimeficha, na kazi za baadhi ya wahusika nimezigeuza kidogo ili wasitambulike. Namba za hesabu ni zile zile tulizotumia, makosa yakiwemo. Mimi nilikuwa ndani ya kikundi kama mwalimu mlezi, kwahiyo lawama zingine ni zangu na nitazisema.

Kikundi chenyewe

Tulikuwa 9, Moshi mjini, tunakutana Jumamosi saa 9 mchana kwenye chumba nyuma ya duka la steshenari. Mwanafizikia mmoja aliyemaliza chuo na hajapata ajira (nitamwita Dada A), fundi simu mmoja, wanafunzi watano wa form five na six, mimi, halafu jamaa mmoja mtu mzima anayeongoza watalii Kilimanjaro ambaye alianza kuja kwa sababu mwanae alikuwa mmoja wa wale wanafunzi, akakaa mazima. Yeye wote tunamwita Gaidi, huku kwetu ndo wanavyoitwa hao waongoza watalii, msije mkapiga simu polisi.

Kazi tuliyojipa ilikuwa hii: tuandike mpango kamili wa satelaiti ya kuchunguza fizikia ya ulimwengu, kama vile tunaenda kuomba hela kweli, alafu tuwape watu wawili wanaojua hii kazi waukosoe bila huruma. Hela hatukuwa nayo na hatukutegemea kuipata. Tulitaka kujua tu mpango wa namna hii unapangwaje, maana watoto wanaona picha za darubini ya anga ya James Webb mtandaoni wanadhani mtu aliamka asubuhi akaijenga. Ile iliruka tarehe 25 Desemba 2021 baada ya kucheleweshwa miaka mingi na gharama kufika kama dola bilioni 10, na ilikuwa na sehemu 344 ambazo ikiharibika moja tu basi mradi mzima kwaheri. Wasomaji wengi hiyo sehemu hawaijui.

Hata wakubwa wenyewe wanapanga kwa kujibana. Oktoba 2024 NASA walichagua mawazo mawili tu ya darubini za daraja la kati, AXIS ya eksirei na PRIMA ya infraredi, kila moja ikapewa dola milioni 5 za kufanya uchunguzi wa mwaka mmoja, na nia yao ilikuwa moja tu ndo iruke, 2032, kwa dari ya dola bilioni 1. Milioni 5 za kuandika makaratasi jamani. Sisi tulikuwa na bando, chai na chapati.

Toleo la kwanza, na aibu yake

Wiki tatu za mwanzo tulikuwa na furaha sana, na sasa hivi nikiangalia nyuma hiyo furaha ndo ilipaswa kunishtua. Toleo la kwanza lilikuwa na kioo cha kipenyo cha mita 3, darubini ya eksirei, ikae L2 (sehemu ya angani ambako chombo kinakwenda sambamba na dunia kulizunguka jua) kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, na detekta (kifaa cha kunasa eksirei) ya kupoozwa mpaka karibu na sifuri kabisa, nyuzi 0.05 za kelvini, kama ile ya XRISM, satelaiti ya eksirei ya Wajapani. Maswali yalikuwa matano: mashimo meusi, nyota za nyutroni (mabaki madogo mazito sana ya nyota iliyolipuka), gesi ya moto kati ya galaksi, maada ya giza, na nishati ya giza (ile inayosemekana inausukuma ulimwengu utanuke kwa kasi). Hiyo ya mwisho ilikuwa ya Dada A, alikuwa nayo moyoni tangu chuo.

Tukampigia mgeni wa kwanza kwa video, kijana wa Kitanzania anayefanya kazi na satelaiti ndogo nje ya nchi. Umeme ukakatika katikati, tukaendelea kwa simu ya fundi. Akasoma kurasa zetu, akanyamaza, alafu akauliza vitu viwili. Cha kwanza, "Mwalimu, hiki kioo mmekichora kama dishi la tivii, eksirei itaendaje hapo?"

Hapo nilitamani ardhi ipasuke, kwa sababu mchoro nilioupitisha ni mimi. Eksirei ikigonga kioo uso kwa uso inapenya au inamezwa, hairudi. Ili iakisiwe lazima ije kwa kulala kabisa juu ya uso wa kioo, kama jiwe unalolirusha kwa kulilaza juu ya maji likaruka-ruka, ukilirusha wima linazama. Ndo maana vioo vya Chandra (darubini ya eksirei ya NASA iliyoruka Julai 1999) ni kama mapipa yaliyoingizwa moja ndani ya lingine, na mwanga unakutana mita 10 huko nyuma. Kwahiyo "kipenyo mita 3" chetu kilikuwa hakina maana yoyote, na urefu wa chombo hatukuwa tumeuwaza kabisa.

Cha pili alichouliza: "Kati ya haya matano, lipi likijibiwa mtasema kazi imeisha? Na mtajuaje kwamba limejibiwa?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mwanafunzi mmoja akasema "tutachunguza zaidi", yule mgeni akacheka lakini kwa upole.

Uhuru ipi?

Hapa nitatoka pembeni kidogo maana ndo ilikuwa hatua iliyotugeuza. Mgeni akatuambia kabla hatujagusa kitu chochote twende tukasome habari za Uhuru. Mwanafunzi mmoja haraka haraka, "ile kileleni?" Watoto wa Moshi wewe ukiwaambia Uhuru wanainua macho juu, mita 5,895. Kumbe kuna Uhuru nyingine na nusu ya kikundi hatukuwahi kuisikia, mimi nikiwemo kwa kweli niliijua jina tu.

Hiyo ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei peke yake. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano, baharini pale karibu na Malindi, na kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka saba ya uhuru, Wamarekani wakaipa jina la Kiswahili. Kutoka Moshi mpaka Malindi ni kwenda kuvuka mpaka Taveta na kushuka pwani tu. Ilikuwa na uzito wa kilo kama 140, haikuwa na kioo hata kimoja, ina detekta mbili zenye vizuizi mbele vinavyochuja mwelekeo, ikawa inazunguka polepole na kupiga ramani ya anga. Ikafanya kazi mpaka Machi 1973 ikaacha orodha ya vyanzo 339. Ndo iliyoonyesha kwamba Centaurus X-3 ni nyota inayopwita (mwanga unapanda na kufifia) kila sekunde 4.8 na inafunikwa na mwenzake kila siku 2 na kidogo, yaani nyota ya nyutroni inakula gesi ya jirani. Ndo iliyowafanya watu waiangalie Cygnus X-1 kwa jicho la shimo jeusi. Riccardo Giacconi aliyeongoza sayansi yake alipata Nobeli 2002.

Bila kioo! Fundi alirudia hilo neno siku nzima. Swali lake lilikuwa jepesi tu, mbinguni kuna vyanzo gani vya eksirei na vinabadilikaje, na kila kitu kwenye ile satelaiti kilikuwa kinalitumikia hilo.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa jedwali. Mgeni alitufundisha kuchora safu nne: swali, kitu cha kupimwa, kifaa kinachoweza kukipima, na kile ambacho hicho kifaa kinadai kutoka kwa satelaiti (obiti yaani njia ya kuzunguka dunia, umeme, data, uzito). Masharti yake, kitu chochote kisichoweza kufuatwa kurudi nyuma mpaka kwenye swali kinafutwa. Tukaanza kufuta, ilichukua Jumamosi mbili na tukabaki na nusu ukurasa.

Uamuzi wa pili ndo ulituvunja. Tulichagua swali moja: nyota za nyutroni zinazokula gesi, mpwito wake unaongezeka kasi na kupungua kasi vipi kwa muda wa mwaka mzima, kwa vyanzo vichache vyenye mwanga mkali. Nishati ya giza ikafutwa. Sababu tulizoandika ni kwamba inahitaji kupima galaksi kwa mabilioni, na tayari darubini ya Euclid ya Ulaya iliyorushwa tarehe 1 Julai 2023 imepewa miaka sita kufanya hiyo kazi kwenye karibu theluthi moja ya anga, sasa sisi na kisanduku chetu tunaenda kuongeza nini pale? Sababu ni nzuri na bado nazikubali. Ila namna tulivyofanya ilikuwa mbaya. Tulipiga kura siku ambayo Dada A hakuja, alikuwa na msiba Rombo, akarudi akakuta imeshafutwa ubaoni. Alisema tu "sawa mwalimu" na wiki iliyofuata hakuonekana, na wanafunzi wawili waliokuwa wanamfuata yeye wakaacha. Mimi ndo nilisema tupige kura. Ningeweza kusubiri wiki moja.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa uzito. Tulijiwekea satelaiti ndogo ya kisanduku isiyozidi kilo 20, na jumla yetu ikaja 18.6, tukapongezana. Gaidi alikuwa kimya anakunywa chai, akauliza, "hizo 18.6 mmepima wapi?" Tukamwambia tumejumlisha kwenye laptop. Akacheka sana. Akasema getini Machame kila mgumu (wapagazi wa mlimani wanaitwa wagumu) mzigo wake unapimwa, mwisho kilo 20, na ukipakia mjini ukafikisha 20 kamili juu ya mizani ya nyumbani wewe umeshaumia, maana siku ya pili mvua inanyesha, hema linalowa, na hema lililolowa ni zito kuliko hema la asubuhi, na kule kambini kuna mizani nyingine. Kwahiyo yeye anapakia 16, 17, basi. "Hema lenu likilowa itakuwaje?"

Mgeni wa kwanza tulipompelekea hilo swali akasema huyo mzee ajiriwe. Kwenye kazi yao huko mwanzoni kabisa mwa mpango unaacha akiba ya kama robo juu ya makadirio, kwa sababu kila kitu kinaongezeka: nyaya, skrubu, gundi, kila kitu ulichosahau. 18.6 ukiongeza robo unapata 23.25. Ili tubaki kwenye 20 ilibidi makadirio yashuke mpaka 16. Tukatoa detekta ya pili iliyokuwa ya eksirei zenye nguvu zaidi, kilo 2.6 zikaondoka na maneno mengi. Fundi alipinga sana na hoja yake haikuwa ya kipuuzi, detekta mbili ni bima, moja ikifa una nyingine. Kilichomlainisha ni habari ya Hitomi, satelaiti ya eksirei. Wajapani waliirusha Februari 2016, mwezi ule uliofuata ikapotea, mfumo wa kuiongoza ulikosea na ikazunguka mpaka ikakatika vipande. Walipojenga mbadala wake, XRISM iliyoruka Septemba 2023, waliiacha kabisa ile kamera ya eksirei zenye nguvu zaidi wakabaki na kile kipimo kilichokuwa roho ya mradi. Kama wao wamekubali kukata, na sisi tukakata.

Uamuzi wa nne, obiti. Hapa tulijiona wajanja. Darubini ndogo za eksirei zinapenda obiti ya juu ya ikweta kwa sababu pale juu ya Atlantiki ya Kusini upande wa Brazili mkanda wa mnururisho (chembe kali zilizonaswa na sumaku ya dunia) unashuka chini, satelaiti ikipita humo detekta inajaa kelele. Ukizunguka ikweta tu unalikwepa lile eneo kwa kiasi kikubwa. NuSTAR ya 2012 iko hivo, IXPE ya 2021 iko hivo, na zote mbili zinateremsha data zake Malindi. Sasa sisi tuko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta, tukasema antena tuweke hapa hapa Moshi.

Mwanafunzi mmoja akaogopa mlima utaziba. Swali zuri, tukalipiga hesabu ubaoni: Kibo inainuka kama nyuzi 9 juu ya upeo wa macho ukiwa mjini, lakini iko kaskazini, na satelaiti ya ikweta inatoka magharibi kwenda mashariki, inapanda mpaka nyuzi kama 55 upande wa kaskazini alafu inashuka. Haigusi mlima. Aliye karibu na njia ni Meru, na yeye kutoka Moshi anaonekana nyuzi kama 3 tu, chini ya 10 huwa hatupokei kitu cha maana hata hivo. Kwa urefu wa kilomita 600 inapita karibu mara 14 kwa siku na kila mara tuna kama dakika 8 nzuri. Hiyo Jumamosi watoto walifurahi kuliko zote.

Uamuzi wa tano ni data, na huu ndo ningependa wenye vikundi wausome mara mbili. Tulitaka kurekodi kila fotoni (chembe moja ya mwanga), saa iliyofika na nguvu yake. Baiti 8 kwa fotoni moja. Kwa chanzo angavu na detekta yetu tulikadiria fotoni 300 kwa sekunde, na kwa siku tuna sekunde kama 50,000 za kuangalia kweli (muda mwingine dunia yenyewe inaziba), inakuja megabaiti 120 kwa siku. Sasa redio tuliyoiweka kwenye mpango ilikuwa ya biti 9,600 kwa sekunde kwa sababu ni rahisi na haili umeme. Dakika 8 zinakupa kilobaiti 576. Mara 14, megabaiti 8. Yaani kila siku tunazalisha mzigo wa malori 15 na tuna lori moja.

Kwa wiki mbili tulikuwa tunatafuta redio kubwa zaidi. Redio kubwa inataka umeme, umeme unataka sola, sola inataka uzito, uzito tumeshamaliza. Aliyetoa jibu ni binti wa form five ambaye huwa haongei: "lakini swali linataka mpwito tu, kwa nini tunatuma kila fotoni?" Kimya chumba kizima. Rudi kwenye jedwali, safu ya kwanza, kweli, mpwito wa sekunde 4.8 hauhitaji kujua kila fotoni ilifika lini. Ukihesabu tu fotoni ngapi zimefika kila robo sekunde, kwenye madaraja manne ya nguvu, baiti moja kila daraja, ni baiti 16 kwa sekunde. Kilobaiti 800 kwa siku. Kutoka megabaiti 120! Tulichopoteza ni nyota zinazozunguka haraka, za milisekunde, hizo hatutaziona kabisa, na tukaandika hivyo kwenye mpango bila kuficha.

Mgeni wa pili

Mgeni wa pili alikuwa mama mmoja mhandisi, mtu mzima, tukamwamkia shikamoo wote kwa pamoja kwenye video akafurahi, alafu akatuchinja. Sayansi akaisifia, data akaisifia. Akauliza, "wanangu, na huko ikweta mnapelekwa na gari gani?"

Tulikuwa hatujawaza. Satelaiti ndogo haina roketi yake, inadandia kwenye roketi ya wengine, na hizo safari za kudandia nyingi zinakwenda obiti za kupita ncha za dunia, za ikweta ni adimu. IXPE yenyewe ilipewa roketi ya Falcon 9 nzima peke yake kwa chombo cha kilo 330, na sehemu kubwa ya nguvu ikaliwa na kugeuza njia kutoka Florida mpaka ikweta. Sisi na kilo zetu 16 nani atatugeuzia njia? Ni kama mtu amepanga safari ya Same vizuri kabisa, chakula kipo, hela ya hoteli ipo, alafu basi linaelekea Nairobi.

Akatushauri tuangalie kuachiwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa. Kuna kisanduku kimoja cha Wamarekani, HaloSat, kiliachiwa kutoka kituoni Julai 2018 kikachunguza gesi ya moto inayoizunguka galaksi yetu, swali moja, hakina kioo. Obiti ya kituo imeinama nyuzi 51.6 na iko kilomita kama 400 juu, tutapita kwenye lile eneo la kelele mara kwa mara, tutapoteza muda, na hewa kidogo iliyoko kule itaishusha satelaiti baada ya mwaka mmoja au miwili. Mwaka mmoja ndo tunaoutaka.

Na hapa kukawa na kitu ambacho hatukukipanga. Kwenye obiti ya ikweta tulikuwa na mapito 14 kwa siku, kwenye hii mpya tukabaki na kama 3 ya maana, ya dakika 5. Kilobaiti 360 mara 3, kama 1,080. Kwa kuwa tulishakata data mpaka 800, bado ilitosha, hata na akiba ya robo, kwa kubana. Tungebaki na zile megabaiti 120 mpango ungekufa siku hiyo hiyo.

Matokeo

Tukamaliza na karatasi ya kurasa 11, toleo la nne. Wageni wote wawili walipitisha swali, jedwali, uzito na data. Walirudisha gharama (tuliandika namba bila kueleza imetoka wapi, na tulistahili) na mfumo wa kuielekeza satelaiti kwenye nyota, ambao kwenye kurasa 11 ulikuwa na sentensi tatu. Kikundi kimebaki na watu 6. Dada A nilimfuata nyumbani kumuomba radhi, tulikunywa chai na mama yake, akasema atakuja akipata nafasi, amekuja mara moja.

Uchambuzi: kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Jedwali ndo lilitubeba, sina ubishi. Lakini ukweli ni kwamba kwa wiki nyingi tulikuwa nalo ukutani na hatulisomi, tulilitumia kufuta maswali alafu tukasahau kwamba linafuta na data pia. Yule binti alilisoma kama mtu anayesoma masharti ya mkopo, mstari kwa mstari, sisi wengine tulikuwa tunaliangalia kama picha. Siku hizi kila Jumamosi tunaanza kwa mtu mmoja kusoma safu ya kwanza kwa sauti. Inachosha na inasaidia.

Gaidi asingekuwepo tungebaki na 18.6 mpaka mwisho. Watu wengi nikiwasimulia wanasema "oh kumbe hata asiyesoma fizikia anaweza kuchangia", mimi hilo silikubali vile linavyosemwa, yule hakuwa anachangia kwa huruma yetu, yeye ndo mtu pekee pale chumbani aliyewahi kupanga safari ambayo ukisahau kitu huwezi kurudi kukichukua. Sisi wengine wote tulikuwa watu wa mitihani.

Kosa kubwa la kiufundi sio kile kioo, ingawa ndo kilinitia aibu. Kioo kiligunduliwa wiki ya tatu na kikafutwa. Kosa kubwa ni usafiri wa kwenda obitini, kwa sababu lilikaa miezi minne bila kuonekana, na maamuzi mengine matatu yalijengwa juu yake: antena, muda wa kupita, na hata hesabu ya kelele. Tulichagua obiti kwa kuangalia inatufaa nini, hatukuangalia nani anaenda huko. Ningekuwa naanza leo ningeuliza la gari Jumamosi ya pili tu.

Na la kura. Kukata swali la mtu ni kazi ya kawaida kwenye mipango hii, LISA yenyewe, mpango wa satelaiti za kupima mawimbi ya mvutano, imepitia kukatwa na kurudishwa kwa miaka mingi mpaka Ulaya walipoipitisha rasmi Januari 2024, na inategemewa kuruka katikati ya miaka ya 2030. Kuna watu wameanza nayo vijana watastaafu nayo. Lakini hao walikuwa mezani wakati inakatwa.

Baada ya toleo la nne fundi akasema twende tukapime kweli hizo dakika 5, tuache kuhesabu ubaoni. Akatengeneza antena ya nyaya, akanunua kile kipokea redio kidogo cha kuchomeka kwenye laptop, tukapanda juu ya paa la steshenari kupokea satelaiti ndogo zilizoko obiti kama hiyo yetu. Mapito sita tumepima mpaka sasa. Kwa wastani mawimbi yanayosomeka ni dakika 3 na sekunde 40, mabati na nguzo za umeme zinakula pembeni kote. Hiyo ni kilobaiti 264 kila pito, mara 3 ni 792. Tunahitaji 800, na akiba sifuri. Gaidi aliangalia ile namba kwenye laptop akasema hema limelowa, akashuka ngazi kwenda kuswali.

Binti wa form five ameshapendekeza tuhesabu kila nusu sekunde badala ya robo, data inashuka mpaka 400 na kwa mpwito wa sekunde 4.8 bado tunapata alama kama 9 kila mzunguko. Fundi anataka kwanza turudie kipimo kwenye paa la jirani ambalo lina ghorofa moja zaidi, mwenye nyumba hajajibu.